Ile nukta inayosogea, ni protini kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya maabara ya tiba, Morogoro. Darasani tulionyeshwa video ya seli T imegusana na seli nyingine. Mahali zilipogusana kuna nukta za kijani zinazosogea taratibu kutoka pembeni mpaka zinajikusanya katikati. Mkufunzi wetu alisema zile ni protini za seli ya kinga na kwamba video ni halisi, si katuni ya kompyuta. Mwenzangu akabisha: protini ni ndogo mno kwa hadubini ya mwanga, haiwezekani tukaziona zikitembea. Nani yuko sahihi? Na hao waliorekodi wanajuaje kwamba wanachokiona ndicho?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mkufunzi wako yuko sahihi, na mwenzako naye hajakosea sana. Wanabishana juu ya vitu viwili tofauti.

Tumsikilize mwenzako kwanza. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hata lenzi ikitengenezwa kwa ustadi wa namna gani, hadubini ya mwanga ina ukomo unaotokana na mwanga wenyewe. Vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama nanomita 200, picha zake huungana zikawa doa moja. Seli T ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 10, yaani nanomita 7,000 hadi 10,000. Kipokezi chake, ile protini ya utandoni inayomtambua adui, kwa sehemu yake iliyochomoza nje hakifiki nanomita 10. Kwa hesabu hiyo, ndani ya doa moja la hadubini ya kawaida vipokezi vingi vinaweza kubanana na wewe usijue. Umbo la protini hatulioni pale. Hapo nampa haki yake.

Ila umbo ni jambo moja na mahali ni jambo lingine. Kaa ufukweni usiku wa giza wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Mtumbwi huuoni, mvuvi humwoni, hata chimni ya karabai huioni. Unaona nukta ya mwanga tu, na hiyo yatosha kukuambia chombo kiko wapi na kinaelekea wapi. Karabai mbili zikiwa kwenye mtumbwi mmoja utaziona moja. Karabai ikizimika utasema mtumbwi umekwenda zake, kumbe upo palepale. Na mvuvi akimwazima jirani taa yake, macho yako yatafuata mtumbwi usio wake. Kazi yetu sisi wa hadubini, ukiivua majina yake makubwa, ni kutazama karabai usiku kucha huku tukijihadhari tusije tukadanganyika kuhusu mitumbwi.

Sasa taa zenyewe zinafungwaje? Iliyo maarufu imetoka baharini. Kuna konyeza, wengine humwita yavuyavu, aitwaye Aequorea victoria, wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mwilini mwake mna protini inayong'aa kijani. Osamu Shimomura aliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba jeni ya protini hiyo ikiingizwa kwenye kiumbe kingine inang'aa humo humo, haihitaji kitu kingine cha konyeza. Roger Tsien naye akaichokonoa mpaka ikatoa rangi nyingine. Mwaka 2008 watatu hao wakapewa Nobel ya kemia. Siku hizi tunaiunganisha jeni hiyo na jeni ya protini tunayoitafuta, na seli yenyewe inatengeneza protini ikiwa na taa mgongoni.

Taa hiyo si nyepesi. Ina asidi amino 238, umbo lake kama pipa lenye urefu wa nanomita 4 hivi. Mpe mtoto ndoo ya maji kichwani halafu useme umempima anavyokimbia! Ndiyo maana kabla ya kupiga picha yoyote lazima uhakikishe kwamba protini iliyobeba taa bado inafanya kazi yake.

Njia nyingine ni kuibandika rangi juu ya kingamwili inayoshika protini unayoitaka. Hapa pana mtego ambao wanafunzi wengi huuingia. Kingamwili nzima ina mikono miwili. Ukiimwaga juu ya seli T hai, mkono huu unashika kipokezi kimoja na ule unashika kingine, vinavutwa pamoja, na seli inadhani imekutana na adui. Ulikuja kupiga picha, umeanzisha vita. Kwa hiyo watu hukata mkono mmoja wa kingamwili na kuutumia huo peke yake.

Nikitoka hapo nikupeleke kwenye kisa chenyewe, maana video mliyoonyeshwa, kwa ulivyoieleza, ni mjukuu wa majaribio fulani ya mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 1998 kundi la Avi Kupfer huko Denver, Marekani, lilichapisha picha za mahali seli T inapogusana na seli inayoionyesha antijeni, yaani kipande cha adui. Protini hazikutapakaa ovyo. Vipokezi vya antijeni vilikuwa katikati, kama kitovu, na kukizunguka kitovu hicho palikuwa na pete ya protini nyingine iitwayo LFA-1, ambayo ndiyo gundi inayozishikanisha seli mbili. Mpangilio huo ukaja kuitwa sinapsi ya kinga. Lakini seli zile zilikuwa zimegandishwa kwa kemikali. Ilikuwa picha ya mnato ya mechi: unaona nani kasimama wapi, hujui alifikaje.

Mwaka uliofuata Michael Dustin na wenzake, St. Louis, wakaleta mechi yenyewe. Tatizo walilokuwa nalo ni la kawaida kabisa: seli mbili zikigusana, uso wa mguso unakuwa umesimama wima kama ukuta kati ya vyumba viwili, na hadubini inautazama kwa ubavu. Wao wakaondoa seli moja. Badala yake walitandaza juu ya kioo utando mwembamba wa lipidi, yaani mafuta, tabaka mbili kama za utando wa seli halisi, na ndani yake wakapachika protini mbili zenye rangi mbalimbali: MHC, ambayo ndiyo sinia la kuionyeshea seli T antijeni, ikiwa imebeba kipande chake, na ICAM-1, ambayo ndiyo inayoshikana na LFA-1. Protini hizo ziliweza kuteleza huku na huku kwenye utando ule kama vipande vya karafuu juu ya mchuzi wenye mafuta. Kisha wakazidondosha seli T hai juu yake. Sasa uso wa mguso umelala chali, unatazamana na lenzi.

Walichokiona hakikuwamo kwenye picha za mnato hata kidogo. Mwanzoni mpangilio ulikuwa kinyume: ICAM-1 katikati, MHC pembeni kwenye pete. Ndani ya dakika 5 hivi ukapinduka. MHC ikavutwa kutoka pembeni mpaka kitovuni, ICAM-1 ikasukumwa nje kuwa pete, na umbo hilo likadumu zaidi ya saa nzima. Nilipoisoma ripoti ile mara ya kwanza nilirudia ukurasa ule kwa sababu sikuamini kwamba kitu kinachoonekana kimetulia hivyo kilikuwa kimepindua nafasi zote muda mfupi kabla.

Tazama lakini taa zilikuwa wapi. Rangi ilikuwa kwenye MHC na ICAM-1, yaani kwenye kioo. Vipokezi vya seli T havikuwa na taa yoyote. Watafiti walikisia vilipo kwa sababu MHC ile haikuwa na kitu kingine cha kuivuta isipokuwa kipokezi kilichoishika. Ni makisio mazuri, lakini ni makisio: taa ilikuwa kwenye mtumbwi wa jirani.

Kufika 2005 makundi kadhaa, likiwamo la Takashi Saito huko Japani na lile la Dustin, yakaziweka taa kwenye seli T zenyewe na kutumia hadubini ambayo mwanga wake unapenya nanomita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye kioo. Faida yake ni kwamba seli yote iliyo juu inabaki gizani, unaona sakafu peke yake. Wakagundua kwamba kabla ya kitovu kuumbika, ukingoni mwa mguso huzaliwa vishada vidogo vidogo vya vipokezi. Hizo ndizo nukta zako za kijani. Nukta moja si protini moja, ni kishada cha makumi ya vipokezi. Na vishada hivyo vinapozaliwa, protini za ndani za kupeleka taarifa, kama ZAP-70, zinajikusanya kwao. Vikishafika katikati, ZAP-70 inakuwa imekwisha kuondoka.

Hapo ndipo wasomi wakaanza kukuna vichwa. Kwa miaka kadhaa kitovu kilidhaniwa kuwa ndicho kipaza sauti cha sinapsi. Sasa kikaonekana kama jalala. Lakini kuona ZAP-70 ikipotea wakati vishada vinaelekea katikati hakuthibitishi kwamba safari ndiyo iliyoinyamazisha. Huenda muda ulikuwa umekwisha tu, na vishada vingenyamaza hata vingebaki palepale vilipozaliwa. Filamu peke yake haiwezi kukata shauri hilo, hata ukiitazama mara mia. Lazima uingie uwanjani uzuie mtu.

Kundi la Jay Groves, Berkeley, wakiwa pamoja na Dustin, walizuia. Kabla ya kutandaza utando wa lipidi walichora juu ya kioo mistari myembamba mno ya madini ya kromi. Utando hauwezi kukaa juu ya kromi, kwa hiyo unakatika pale, na protini zilizomo zinateleza ndani ya kitalu chake tu. Ukiwahi kuona wando wa wavuvi wetu, ule uzio wa fito unaopandwa kwenye maji mafupi, umeelewa: maji yanapita, samaki hapiti. Seli T iliyotua juu ya wando huo ilijaribu kuvuta vishada vyake katikati, vikakwama kwenye mistari. Na vishada vilivyozuiliwa pembeni viliendelea kutoa ishara kwa nguvu zaidi, kalsiamu ndani ya seli, ambayo ni dalili kwamba seli imeamka, nayo ikapanda. Kemikali ni zilezile, antijeni ileile, kilichobadilishwa ni mahali tu. Hiyo ilikuwa 2005, na kwa maoni yangu hakuna jaribio safi zaidi ya hilo katika uwanja huu wote.

Mwaka 2008 kundi hilohilo wakachora vizuizi vya mshazari, kama njia za kupotezana. Vishada vilipofika kwenye kizuizi havikusimama. Viliambaa nacho ubavuni, vikakizunguka, vikaendelea kuelekea katikati. Hii ikajibu swali lingine: nani anayevivuta? Chini ya utando wa seli T kuna nyuzi za aktini, protini ya kiunzi cha seli, zinazotiririka muda wote kutoka ukingoni kuelekea ndani. Kama vishada vingekuwa vimefungwa kwa kamba ngumu kwenye nyuzi hizo, vingekwama au kamba ingekatika. Kumbe vinakokotwa kwa msuguano, vinashikwa na kuachiwa, kama gogo linalochukuliwa na mkondo wa mto. Ukitia latrunculin, sumu iliyopatikana kwa sifongo wa Bahari ya Shamu, aktini inasambaratika na vishada havisafiri.

Sasa nijibu ile sehemu ya swali lako niliyoipenda zaidi, ya kwamba wanajuaje. Kwanza wanajua kwa kupausha. Rangi zote hizi hupauka zikipigwa mwanga sana, kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba mchana kutwa. Ni kero, lakini ina matumizi. Unachagua duara dogo kwenye seli, unalipiga leza kwa nguvu mpaka linakuwa jeusi, halafu unasubiri. Mwanga ukirudi taratibu, maana yake protini zenye rangi zimeingia kutoka nje na zilizopauka zimetoka, yaani protini ile inatembea. Duara likibaki jeusi, zilizomo zimekwama. Nukta inaweza kuonekana imetulia kabisa huku protini zake zikipishana kama abiria wa kituo cha daladala: kituo hakihami, watu ni wapya kila dakika.

Pili, kwa kutafuta kitu ambacho hakipaswi kusogea. Niliwahi kushinda jioni nzima nikifurahia protini zilizokuwa zikihama kwa pamoja kuelekea kushoto mwa seli. Nilikwisha kuanza kuandika maelezo ya picha. Baadaye nikaongeza mwangaza wa pembeni mwa picha, nikaona punje ya vumbi iliyogandia kwenye kioo nayo inaelekea kushoto, kwa mwendo uleule. Kumbe kisahani chenyewe kilikuwa kinahama kwa sababu hita ilikuwa bado haijatulia kwenye nyuzijoto 37. Tangu siku hiyo naweka vishanga vidogo vinavyong'aa juu ya kioo kabla ya seli. Kishanga kikihama, nazima mashine nakwenda kunywa chai.

Tatu, kwa kuhurumia seli. Mwanga wa leza unaunguza. Seli iliyomulikwa kupita kiasi inajikunyata, inatoa malengelenge, na protini zake zinakimbia kwa sababu ambazo hazihusiani na kinga. Ndiyo maana hadubini ya Eric Betzig ya mwaka 2014, ambayo inapitisha mwanga ubavuni mwembamba kama wembe na kumulika tabaka moja tu kwa wakati, ilipokelewa kwa shangwe. Kwa hadubini ya namna hiyo, mwaka 2015 Gillian Griffiths wa Cambridge na wenzake wa Marekani waliifuatilia seli T inayoua ikimkabili mlengwa wake. Aktini ilijitenga katikati ya mguso, ikaacha uwazi, vifuko vyenye sumu vikasogezwa pale, na baadaye aktini ikarudi kuufunga. Ni kama kupisha mlango kabla ya kutoa jeneza, uniwie radhi kwa mfano huo.

Mwambie na mwenzako kwamba ukomo wa Abbe nao una uchochoro. Mwaka huohuo wa 2014 Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Nobel kwa kuupita. Mojawapo ya hila zao ni nyepesi kueleza: karabai ikiwa moja tu baharini, hata kama mwanga wake umetawanyika, unaweza kukadiria kitovu cha ule mtawanyiko kwa usahihi mkubwa kuliko upana wa doa lenyewe. Kwa hiyo unaziwasha taa chache chache kwa zamu, unapima kila moja, kisha unazikusanya. Tena kuna waliohesabu hata peptidi, yaani vile vipande vifupi vya protini vinavyobebwa na MHC, moja moja. Mwaka 2002, maabara ya Mark Davis, Stanford, walifunga kila peptidi ya antijeni kwenye protini inayong'aa sana itokanayo na mwani mwekundu, jamii moja na huu unaolimwa Paje na Jambiani. Seli T iliweza kusimama kwa peptidi moja, na zikifika kama 10 kalsiamu ilipanda ikabaki juu.

Haya yote yana maana gani kwa mtu wa maabara ya hospitali? Zile seli CD4 ambazo wenye VVU walizoea kupimwa ni seli T hizihizi. Mwaka 2009 kundi la Benjamin Chen wa New York na wenzake wa California walipachika taa ya konyeza ndani ya Gag, protini inayojenga kiwiliwili cha VVU, wakarekodi seli iliyoambukizwa ikigusana na seli CD4 isiyoambukizwa. Baada ya mguso, Gag ilielekea pale penye mguso, ikajikusanya kama kifungo cha shati, na sehemu yake ikahamia ndani ya seli ya pili. Kwa njia hii virusi vinapita mlango wa pamoja, havingoji kuelea kwenye damu.

Ukitaka kuona seli hizo ndani ya mwili, habari inabadilika. Mwaka 2002 Michael Cahalan na Ian Parker, California, walitazama tezi za limfu za panya na kukuta seli T zinazurura kama maikromita 10 kwa dakika, yaani urefu wake mwenyewe kila dakika. Lakini kadiri unavyoingia ndani ya nyama ndivyo nukta zinavyopoteza ukali, na vishada vya protini havionekani vizuri kama kwenye kioo. Ukitaka undani unakaa kwenye kioo, ukitaka mwili unavumilia ukungu.

Basi rudini kwenye video yenu. Kwenye kona kuna uwezekano mkubwa mkakuta saa na kijistari cha kipimo. Saa itawaonyesha kwamba mlichokitazama kwa sekunde 10 kilichukua dakika kadhaa, na kijistari kitawasaidia kupima nukta zimekwenda umbali gani. Ule ukijani msiuchukulie kama ushahidi wa kitu, kwa kuwa kamera nyingi za kazi hii hupiga nyeusi na nyeupe, rangi huwekwa na kompyuta baadaye. Halafu muulizeni mkufunzi wenu kama waliorekodi walionyesha na filamu ya pili, ya seli zilizotiwa latrunculin. Mimi ningeuliza jambo moja kabla ya hilo: seli zisizobebeshwa taa, zinaitikia antijeni sawasawa na hizi?